Quinze na Quatre za Mama Kasoki

Soko zima linajua kwamba Mama Kasoki hapunjiki. Anauza vitambaa vya pazia, na utepe wake wa kupimia unaning'inia shingoni toka asubuhi. Hata misani husahau kuuvua, na padri ameshazoea. Ukitaka mita mbili na robo atakukatia mita mbili na robo, kisha atakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyetaka kumwibia. Hesabu ya sentimita anayo vidoleni. Ile ya virgule, kile kimkia kinachotenga kizima na vipande vyake, haikumkuta: ilipofika darasani kwao Butembo, yeye alikuwa ameshatolewa shule na anauza maharagwe pamoja na mama yake.

Hakuwahi kuona hasara ya jambo hilo, mpaka alipozaliwa mjukuu. Ni mtoto wa Luc, mwanawe wa pekee, ambaye biashara humweka barabarani. Muuguzi alimlaza mtoto kwenye mzani akasoma kwa sauti: trois virgule quinze, yaani kilo tatu, kisha virgule, kisha kumi na tano. Mama Kasoki aliitembeza ile quinze mtaa mzima wa Katindo. Mtoto wa jirani alikuwa na trois virgule huit, nane tu, naye akamwonea huruma mama wa watu, akampelekea ndizi.

Siku ya kupima tena, muuguzi alisoma trois virgule quatre, tatu na nne, akatabasamu, akaita mwingine. Mama Kasoki hakutabasamu. Kutoka quinze mpaka quatre! Angeweza kuuliza, kuuliza si ujinga, mwenyewe huwaambia hivyo wateja wake. Lakini mtu asiyepunjika atamwuliza nani? Njia nzima alimkazia macho mkamwana wake, Charline, hasa kifuani.

Walipofika nyumbani alitoa hukumu: maziwa ya Charline ni maji matupu, mtoto aachishwe, aanze uji. Charline alijaribu kusema kwamba muuguzi alionekana kufurahi. Akajibiwa kwamba wauguzi hufurahi kwa kuwa mtoto si wao. Luc alipigiwa simu, akasikiliza pande zote mbili, kisha akasema mtandao unakatika. Charline alishinda analia chumbani, akimnyonyesha mtoto kwa kujificha kama mwizi. Naye alianza kuamini kwamba mwili wake umemsaliti.

Mdomo wa Mama Kasoki nao haukutulia. Jumapili aliwaambia wamama wa shirika, ile jumuiya yao ya sala ya mtaani, kwamba mtoto anaisha. Kesho yake jioni wakaja kumwombea, wakiongozwa na Mama Élisabeth. Uji wa mtama ulikuwa umeshapoa kwenye bakuli, maana kijiko cha kwanza kingefuata mara tu baada ya amina.

Mama Élisabeth aliuliza ugonjwa wenyewe ni upi. Mama Kasoki akaeleza kwa uchungu wa kweli: alizaliwa na quinze, sasa amebaki na quatre, mkijumlisha na zile trois ambazo hazikuongezeka.

Charline akainua kichwa. Siku zote hizo alidhani mama mkwe ameona kitu mwilini mwa mtoto. Kumbe ni hiki! Aliomba utepe, akaunyoosha mapajani.

"Mama, ile chiffre, ile namba ya kwanza nyuma ya virgule, inahesabu vipande vya dix, vya kumi-kumi. Quatre ni vipande ine vya dix. Quinze ni kipande kimoja tu, na tano ya juu. Weka kidole."

Mama Kasoki aliweka kidole kimoja kwenye arobaini. Akaweka kingine kwenye kumi na tano. Akavitazama vidole vyake, vidole ambavyo miaka yote hiyo havijamkosesha, na kila kimoja kilikataa kusogea. Sokoni hakuna aliyewahi kumwambia kwamba arobaini ni pungufu ya kumi na tano, na kama angekuwapo, angemfukuza. Alikumbuka pia ndizi za jirani, akaona haya mpaka masikioni.

Wamama walikuwa wakingoja, rozari mkononi, na Charline akamnyonyesha mtoto mbele yao bila kujificha. Mama Élisabeth, ambaye hapendi kupoteza safari, aliuliza kwa upole kama sala ianze au la.

"Ianze," Mama Kasoki akasema. "Mutoto ananenepa. Maziwa ya Charline iko muzuri sana, ni miye nilimusingizia. Kenye kilipungua ni akili yangu. Muombee ile."

Kicheko kiliwapasua wote, na Charline akacheka kuwashinda, machozi yakimtiririka, mpaka titi likamponyoka mtoto mdomoni naye akaanza kulia.

"Munyamaze," Mama Kasoki akawakemea, huku akimsogezea mkamwana wake mto mgongoni. "Munyamaze, mutoto anakula."