Mbegu Nilizoziosha

Nilipoolewa Kasulu nilikuja na majira manne kichwani, kama mtu anayehama na sufuria zake. Kaskazi na joto lake, masika, kipupwe, vuli. Sisi watu wa Muheza tunayajua hayo tangu utotoni, na sikuona kwa nini nijifunze upya ukubwani. Mvua ni mvua, nilikuwa nikisema, na huu mdomo wangu, wallahi, haujawahi kuniletea faida.

Mume wangu naye ni wa pwani. Ana duka la vitambaa mjini, na jembe hajalishika tangu alipomaliza shule. Kwa hiyo nyumbani hakukuwa na mtu wa kunisahihisha. Wa karibu nami alikuwa jirani, mama mtu mzima aliyevuka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Siku hizi ni Mtanzania kamili, ana shamba lake Nyakitonto. Mimi nilimwita mama. Yeye aliniita mwanangu, na akitaka kunitania aliniita Muswahili, maana huku mtu wa pwani mwenye kanga mbili na maneno mengi ndiye Muswahili.

Huyu mama alikuwa na maharage yake ambayo hayauzwi. Madogo, meupe, yana doa jekundu upande mmoja. Mama yake aliyavusha mpakani yakiwa yamefungwa kwenye pindo la nguo, na tangu hapo yalipandwa kila mwaka. Desturi yao ni kugawa mbegu katika nyumba mbili, ili moja ikiungua, au watu wakikimbia, nyingine ibaki. Nusu ilikaa kwake, nusu kwa mama yake. Mwaka ule mama yake akafariki, na nusu ya kule ikapikwa matangani kabla mtu hajakumbuka kwamba ni mbegu. Kikabaki kibuyu kimoja.

Mwezi wa tisa binti yake aliyeolewa Kumsenga, kule Kibondo, akaambiwa alale kitandani mpaka ajifungue. Mama ikabidi aende. Aliniletea kile kibuyu, akakishika kidogo kabla ya kuniachia.

"Mvua ikikaa sawasawa, nipandie," akasema. "Ndicho kilichobaki."

Nikamwambia asiwe na shaka, mbegu ziko mikononi mwa mtu wa Tanga.

Alipoondoka nikazimwaga kwenye ungo nizitazame. Zimejaa majivu tele! Nikamwonea huruma, nikidhani amezeeka, ameziacha karibu na jiko. Nikaziosha maji matatu, nikazianika juani mpaka zikang'aa, nikazitia kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko wake. Jioni nikamwonyesha mume wangu, naye akasema nimefanya vizuri.

Mwezi wa kumi mvua ikaanza. Wanawake wa mtaani wakawa wananipita asubuhi na majembe begani, nami nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, nawahurumia kwa haraka zao. Kwetu mvua ya mwezi wa kumi ni vuli, na vuli ni bahati nasibu. Leo inanyesha, wiki ijayo imekuachia miche iliyokauka. Huwezi kuchukua mbegu za mwisho za watu ukazichezea kamari kwenye vuli. Unangoja masika, mwezi wa tatu, mvua ya kutegemewa. Mama yangu mzazi nilipompigia simu Muheza akanisifu, akasema nimekua. Naapa, nilingoja kwa mapenzi.

Jirani naye alipiga mara moja kutoka Kumsenga, mtandao ukikatikakatika. Akauliza mbegu vipi. Nikamjibu ziko salama kabisa. Yeye akaelewa kwamba ziko ardhini. Hali ya binti yake ilikuwa mbaya siku hizo, hakuuliza zaidi.

Ile vuli yangu ikakataa kuisha. Ikanyesha mwezi wa kumi na moja, ikanyesha wa kumi na mbili, Krismasi ikapita watu wakienda kanisani na viatu mkononi kwa matope. Mimi bado nangoja imalizike ili masika yaje. Mwezi wa kwanza jua likawaka siku kadhaa, nikasema haya sasa, kaskazi hiyo. Asubuhi moja nikaenda sokoni nikakuta maharage mapya yamemwagwa kwenye maturubai kila upande. Nikamuuliza mwanamke mmoja muuzaji yametoka wapi. Akanitazama vizuri, kisha akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Yamepandwa mvua ilipoanza, yamevunwa. Sasa mvua inapumzika kidogo, halafu itarudi mpaka mwezi wa tano, kisha basi, ni vumbi mpaka tena mwezi wa kumi.

Nilirudi nyumbani karibu kukimbia, nikafungua kopo. Unga. Fukusi walikuwa wakitembea juu ya mbegu zangu safi, na karibu kila moja ina tundu. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya majivu.

Niseme na lililofuata, ingawa linanitia aibu mpaka leo. Nilirudi sokoni nikatafuta maharage madogo yanayofanana na yale. Nikakaa siku mbili nachagua yenye doa upande mmoja, na majivu nimeshayachekecha tayari. Nani angejua? Nadhani hata jirani mwenyewe asingejua, na hilo ndilo lililonitisha. Angeyapanda, angeyapika, angemwambia mjukuu wake haya ni ya mama yangu aliyenivusha mgongoni. Uongo wangu ungekuwa chakula cha ukoo mzima. Yale ya sokoni tukayala wenyewe na wali.

Jirani alirudi wiki hiyohiyo, amekonda, anacheka. Binti amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Nikamwacha amalize furaha yake, kisha nikaweka kopo mbele yake, nikamwambia yote: majivu, maji matatu, vuli, hata yale ya sokoni. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Alikuwa amekasirika, nilimwona kwa mishipa ya shingo. Akaomba ungo, akamwaga, akaanza kuchagua, nami nikakaa upande wa pili nikichagua naye. Akanionyesha kwa kidole: yenye tundu moja, kama jicho lake halijaguswa, itaota. Yenye mawili, tupa. Tulikwenda hivyo mpaka adhuhuri. Zilizopona zilijaa kisahani cha chai.

Ndipo akaongea. "Kwenu mvua ni mbili, ukikosa hii unangoja ile," akasema. "Kwetu ni moja. Hii unayoiona imekaa kupumua tu."

Mwishoni mwa mwezi wa pili mvua ikarudi kama alivyosema. Tukaenda Nyakitonto, tukapanda kile kisahani kwenye kipande kisichozidi ukubwa wa sebule yangu. Nyingine hazikuota. Zilizoota nilikuwa nakwenda kuziangalia kila wiki, mpaka watu wa kule wakanizoea, wakawa wananicheka. Mwezi wa sita, vumbi jekundu limeshaanza na baridi ya asubuhi inauma, tukavuna, tukapiga kwa fimbo, tukapepeta.

Sikutegemea chochote. Kunisamehe alikuwa amenisamehe, tulikuwa tunapeana chumvi kama zamani, na mimi nilijua pa kukoma. Lakini wiki moja baadaye alikuja mlangoni kwangu na vibuyu viwili. Kimoja akakiweka kwapani. Cha pili akaninyooshea, kizito, na majivu yakimwagika kidogo mdomoni mwake.

Nikamwambia mama, kakiweke kwa binti yako Kumsenga, mimi umeshaniona.

"Kumsenga ni mbali," akasema. "Nyumba ya pili ni hii." Akaenda zake, na alipofika kwenye geti akageuka: "Ila safari hii, Muswahili, usiziogeshe."