Figo za Ndezi

Wifi yangu alipoharibikiwa mimba, kaka yangu alikwenda kutega ndezi, wale panya wakubwa wa majanini, bondeni, chini ya shamba letu la mahindi huku Mpui, ili mkewe apate mchuzi wa kumrudishia nguvu. Alirudi na mmoja mnene. Nikamuuliza kama ni jike, maana nyumbani kwetu jike hatumli msimu wa mimba.

"Dume! Huoni?" akafoka, akanionyesha kichomozo chini ya tumbo. Kaka yangu ni mbishi, hana mfano. Wala mimi sikujua wakati ule kwamba ndezi jike naye anacho. Ni tundu la mkojo tu limejitokeza, na nyuma yake njia ya uzazi imezibwa na ngozi nyembamba. Anayetazama kwa haraka anaona dume.

Wifi alikataa kwenda kulala, akanishikia beseni. Nilipasua tumbo, nikatoa figo mbili nikazitia humo. Kisha nikafuata mirija miembamba iliyotoka kwenye figo mpaka kwenye kibofu, kilichokuwa kimejaa. Nilikifunga shingo kwa uzi, kama mama alivyotufundisha, mkojo usimwagikie nyama, nikakikata.

Nyuma yake palikuwa na vifuko vinne vyekundu, vimepangana.

"Ni nini hivyo?" wifi akauliza.

"Figo," nikasema haraka.

Aliinamia beseni, akazitazama zile mbili.

"Figo ziko huku kwangu, wifi."