Mtani wa Mwalimu Hawa

Ukumbi wa Mwalimu Hawa ulinuka tumbaku. Kabla hajaupata ulikuwa ghala la zao hilo, na hata baada ya sisi watoto kuufagia na kuumwagia maji majuma mawili mfululizo, harufu ile kali, yenye utamu kidogo kama asali iliyoungua, ilibaki kwenye kuta, ikahamia kwenye sare zetu za shule. Jioni mama alininusa na kusema, "Leo tena ulikuwa kwa yule Mzaramo." Nilikuwa darasa la sita. Mpaka leo nikikutana na mtu anayesokota tumbaku namkumbuka, maana katika msimu mmoja tu mwanamke yule alinifundisha kila ninachokijua kuhusu binadamu, nami nikamponza akapoteza kazi yake.

Alikuwa ameongoza michezo ya kuigiza kwa miaka mingi kabla yangu. Kikundi chake kilipanda lori mpaka Nzega, Igunga na vijiji vya Choma, kikacheza kwenye viwanja vya minada ya ng'ombe, na baadhi ya aliowafunza walikuwa wakisikika redioni Dar es Salaam. Sisi Wanyamwezi alitufundisha kwa utani, ule tuliourithi tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora mpaka Pwani, wakapokewa na Wazaramo, watu wa kwao Mwalimu. Wapagazi na wenyeji wale walitukanana wakicheka, na walizikana. Mtu akifa, mtani wake ndiye humwigiza msibani, sauti na mwendo, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yakiwatoka. "Hapo ndipo nilipojifunzia kazi," alituambia. Nikimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," alijibu, "Marahaba, mpagazi. Mzigo umeuweka wapi?" Nami nikimwambia nimemwachia Mzaramo, kauuza ili akacheze ngoma, alicheka mpaka akashika ukuta. Aliniapisha jambo moja: siku akifa, nitamwigiza mimi.

Somo lake kubwa lilikuwa kwamba usimwige mtu anavyojionyesha, mwige anavyojificha. Wenzangu aliwatuma sokoni wakamtazame muuza karanga. Mimi nilimtazama yeye. Niliona kwamba hakuwahi kushika karatasi ya mchezo; tulimsomea sisi, yeye akakariri. Niliona mkono wake wa kushoto ukipapasa ukingo wa meza kabla hajaketi, na uso wake ukifuata sauti badala ya mtu. Niliona, ila sikuelewa nilichokiona. Hapo ndipo ninapojitetea, na kesi hiyo sijawahi kuishinda.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa wazazi, na mstari wa mbele ilikaa kamati iliyomwajiri. Katikati ya mchezo mavazi yakachelewa, watu wakaanza kunong'ona, nami nikatoka na khanga ya Mwalimu begani ili niwachekeshe. Nilipapasa meza. Nikakikosa kiti, nikapapasa tena. Nikaligeukia pazia tupu na kuliitikia, "Marahaba, mpagazi!" Watu walicheka mpaka mabati yakatetemeka, hata mama yangu, mwanakwaya asiyecheka ovyo, alijifuta machozi. Kisha mwenyekiti wa kamati akaacha kucheka, akamtazama Mwalimu aliyesimama pembeni, uso ameuelekeza kwenye vicheko. Wahenga husema mficha maradhi kilio humfichua. Yeye alifichuliwa na kicheko, tena cha kwangu.

Nyuma ya pazia alinishika uso kwa mikono miwili, akaupapasa bila kujificha tena. "Umeniona," alisema. "Umecheza vizuri sana, mtani wangu." Nilingoja anipige. Hakunipiga, na hilo limeniuma kuliko kipigo. Mwezi haukuisha kamati ikamwambia apumzike, maana kipofu atawaongozaje watu wa kutazamwa. Ukumbi ukafungwa.

Siku hizi ni ghala la vigae, haunuki kitu. Mwalimu amefariki mwaka huu, nami nilikwenda msibani Itetemia, kwenye chumba alichokuwa akiishi na mpwa wake. Tulikuwa wachache. Wanafunzi wake wa Dar walituma picha za maua kwenye simu. Mpwa akauliza, "Mtani wake yupo?" Vijana wakatazamana, mmoja akataka kujua mtani ndiye nani. Nikainuka, nikajitanda khanga. Nilitaka kuwaonyesha alivyokatiza jukwaani enzi zake, sauti yake iliyofika barabarani bila kipaza sauti, kicheko chake. Sikuvipata. Miaka yote ya majuto nilikuwa nimeutunza ule mkono unaopapasa tu. Nikaanza kupapasa hewani, na hakuna aliyecheka. Mpwa wake akatikisa kichwa huku analia, "Ndiye. Ndiye kabisa." Yeye hakuwahi kumjua Mwalimu asiyepapasa, na sasa hata mimi simjui tena.