Koleo za Katikati

Evaresta hakuwa mtu wa kushindwa na sufuria. Hilo lilijulikana kijijini kwao, upande wa Nyabiyonza, tangu siku ya harusi ya kaka yake, alipopika ebitoke za watu mia mbili kwa masufuria matatu huku wapishi wenzake wakilalamika kwamba sita hayatoshi. Ndizi alizipanga kwa kuzibana, ubavu kwa ubavu, akazishindilia kwa kiganja, akazifunika kwa majani ya mgomba na kukandamiza kingo mpaka mvuke ukakosa pa kutokea. Ziliiva zote, za juu na za chini. Wazee walikula, wakajilamba vidole, wakauliza huyu binti ni wa nani.

Kwa hiyo alipoajiriwa kuwa mhudumu katika chumba cha meno cha kituo cha afya, akakabidhiwa otoklevu, yaani lile sufuria kubwa la presha la kuulia vijidudu kwa mvuke, hakutishika hata kidogo. Mama aliyekuwa akistaafu, Nyirabageni, alimfundisha kazi kwa siku mbili, mawazo yake yote yakiwa kwa mbuzi aliopanga kwenda kuwafuga.

"Loweka vifaa kwenye dawa ya klorini," Nyirabageni alimwambia. "Sugua kwa brashi, suuza, kausha. Funga kwa kitambaa, bandika utepe. Weka ndani, funika, washa moto. Mshale ukifika hapa, hesabu nusu saa. Utepe ukitoa michirizi myeusi, mambo tayari."

Basi. Namna ya kupanga vifurushi mle ndani hakuisema, na Evaresta hakuiuliza. Mwanamke wa Kinyambo mwenye kibanja chake cha migomba na watoto wanne atamwuliza nani namna ya kujaza sufuria?

Nyirabageni alikuwa akipika vifaa mara mbili kwa siku, na siku ya gulio mara tatu, wagonjwa wakikaa kwenye benchi wameshika mashavu wakingoja koleo za kung'olea meno zitoke motoni. Evaresta alipika mara moja tu. Alipanga vifurushi vyote, akavibana, akashindilia kwa kiganja, akajaza mpaka shingoni. Mkaa ukabaki, foleni ikafupika, na tabibu wa meno, kijana mmoja wa Muleba aitwaye Projest, akawa anawaambia wageni kwamba mwanamke huyu ana mikono miwili ila anafanya kazi ya minne. Mwaka mmoja, sikukuu ya wafanyakazi, akapewa cheti na blanketi. Cheti akakitundika ukutani, karibu na picha ya Bikira Maria.

Miaka kumi na mmoja ikapita hivyo, na mimi sina moyo wa kumcheka. Aliipenda kazi ile. Alisugua koleo kwa brashi mpaka zikang'aa, akazikagua juani, akarudia kusugua palipobaki alama. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa jambo lisilo sahihi kwa miaka kumi na mmoja, na uaminifu wake usimsaidie yeye wala mtu mwingine.

Maana ndizi na koleo si kitu kimoja. Ndizi inataka joto, na joto hupenya taratibu hata palipobanwa. Koleo iliyofungwa kwenye kitambaa inataka mvuke wenyewe uifikie, upite baina ya vifurushi, uguse kila pindo. Ukivibana, mvuke unazunguka pembeni na hewa inabaki katikati, na hewa haiui kijidudu. Dalili ilikuwepo. Utepe wa vifurushi vya katikati ulitoka na michirizi ya kahawia, si myeusi. Evaresta aliiona, akasema moyoni kwamba siku hizi hata utepe unachakachuliwa.

Mwaka jana, mwezi wa tano, alikuja mkaguzi kutoka wilayani, binti mpole aitwaye Joyness, ambaye alimwamkia Evaresta "shikamoo mama" kwanza ndipo akafungua begi lake. Alileta vipande vidogo vya karatasi ya kupimia, akaomba kimoja kiwekwe ndani ya kifurushi cha juu, kimoja cha chini, kimoja cha katikati. Evaresta akapika kama kawaida yake. Vilipofunguliwa, cha juu kilikuwa cheusi, na cha chini kilikuwa cheusi. Cha katikati kilitoka cheupe kama kilivyoingia.

"Mama, unavipanga vipi?" Joyness akauliza.

Evaresta akamwonyesha, kwa kiganja. Joyness akatazama kile kiganja kinavyoshindilia.

"Inatakiwa vilegee, mama," akasema. "Mkono wako upite baina yake. Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa," alijibu Evaresta, na sauti yake akaisikia kama ya mtu mwingine.

Mganga mfawidhi, Bwana Eliud, akaitisha kikao. Kikaamuliwa kwamba wagonjwa wote waliong'olewa meno katika miezi sita iliyopita waitwe wapimwe damu. Joyness alitaka waambiwe sababu. Eliud akasema wataambiwa ni uchunguzi wa kawaida, kwa sababu watu wakitishika hawatarudi tena kituoni, hata wajawazito watakaa nyumbani. Sababu yake ilikuwa na ukweli ndani yake, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kuhusu miaka mingine kumi na nusu hakuna aliyesema neno. Ni midomo mingapi hiyo? Evaresta alijaribu kuhesabu akiwa njiani kurudi nyumbani, akaacha.

Walikuja wengi kuliko ilivyotarajiwa. Wote walikutwa salama, isipokuwa mmoja, aliyekutwa na kirusi cha homa ya ini. Alikuwa Kemirembe.

Kemirembe alikuwa mwanajumuiya mwenzake Evaresta kanisani, mama wa watoto watatu, mwenye kibanja cha kahawa na migomba ng'ambo ya bonde. Aling'olewa gego siku ya gulio, mwezi wa pili. Evaresta aliikumbuka siku ile kwa sababu koleo za juu zote zilikuwa zimetumika, zikabaki za katikati, na kabla ya kufungua kifurushi alikuwa ameukwaruza utepe kwa ukucha, aone kama chini ya ukahawia kuna weusi. Kisha akafungua. Kisha akampa Projest koleo, naye Kemirembe akaung'ang'ania mkono wa Evaresta mpaka jino likatoka.

"Ni mimi?" Evaresta alimwuliza Projest, wawili tu wakiwa chumbani.

Projest alikuwa mkweli, na siku ile ukweli wake haukuwa na faida yoyote. "Huenda," alisema. "Huenda si wewe. Wengi huku wanazaliwa nacho, kutoka kwa mama zao, wanaishi nacho miaka arobaini bila kujua. Kipimo kinasema kirusi kipo, hakisemi kiliingia lini. Na zile koleo zililowekwa kwenye klorini, zikasuguliwa. Hakuna mtu duniani atakayejua, Mama Evaresta."

"Hata wakubwa wa Bukoba?"

"Hata wao."

Lakini Kemirembe alijua, au aliona anajua. Nesi alimweleza kwamba ugonjwa huu hupita kwa damu, hupita kwa mama kwenda kwa mtoto, hupita kwa tendo la ndoa. Kati ya mambo matatu akaokota moja. Mumewe, Cassian, alikuwa akimnunulia kahawa tajiri mmoja wa Omurushaka, na wakati wa msimu alilala huko kwenye nyumba za wageni wiki nzima. Mwanamke afikiri nini? Usiku uleule akamwuliza mumewe ni nani huyo aliyemletea ugonjwa. Cassian akaapa. Akaambiwa akapime basi. Akakasirika, akasema hawezi kwenda kupimwa kama mshitakiwa, yeye aliyemwoa Kemirembe kanisani mbele ya ukoo mzima. Maneno yakazaa maneno. Wiki iliyofuata Cassian akapanga chumba Omurushaka. Jumapili anakuja kuwaona watoto, anakaa kwenye kigoda uani, haingii ndani.

Nyumba ile Evaresta aliipita kila siku akienda kazini. Aliona kikombe cha Kemirembe kimening'inizwa peke yake kwenye mti, mbali na vya watoto. Ugonjwa huo haupiti kwenye kikombe, na nesi alishasema, lakini hofu haina masikio. Evaresta akawa hali, halali. Mumewe akadhani ni malaria.

Akaenda kwa Projest, akamwomba karatasi. Barua fupi tu, yenye muhuri, kwamba ugonjwa wa Kemirembe uliingia kwa koleo.

"Siwezi kuandika uliingia kwa koleo. Sijui," alisema Projest.

"Andika huenda."

Projest akatikisa kichwa. "Huenda haipigwi muhuri, mama. Na Bwana Eliud ndiye anayeutunza huo muhuri."

Akaenda kwa Eliud. Eliud akamkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia apumzike siku tatu, kisha arudi kazini akiwa na nguvu. Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka, Evaresta angepata cha kujibu.

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Evaresta akaona liwalo na liwe, atasema mwenyewe kwa kinywa chake. Siku ya pili ya yale mapumziko akavuka bonde. Kemirembe alikuwa akianua kahawa kwenye turubai. Wakasalimiana kwa Kinyambo, wakaulizana watoto, wakaketi. Evaresta akaeleza yote: kifurushi, kiganja, utepe wa kahawia, karatasi iliyotoka nyeupe. Hakujitetea popote. Alipomaliza machozi yalikuwa yakimtiririka, akangoja atukanwe. Alitamani atukanwe.

Kemirembe alikuwa akimtazama kwa upole.

"Waitu, ndugu yetu Evaresta," alisema. "Cassian amekutuma."

"Hajanituma! Hata sijaonana naye."

"Basi jumuiya imekutuma. Au umejituma mwenyewe, nakujua. Si wewe uliyempatanisha Xaveria na wifi yake?"

Evaresta kweli alikuwa amewapatanisha. Alimwendea kila mmoja kwa wakati wake, akamwambia mwenzako analia usiku kucha kwa majuto, na hapakuwa na aliyelia hata dakika moja. Parokia nzima iliijua hadithi hiyo, ikaicheka, ikamsifu. Palipokuwa na nyumba inawaka moto, Evaresta ndiye aliyepelekwa na ndoo.

"Lile lilikuwa la uongo," alisema. "Hili ni la kweli."

"Kama ni la kweli, mganga angesema. Kituo kimetuambia uchunguzi wa kawaida."

"Wamewaficha."

"Wakuu wote wafiche, useme wewe mhudumu?" Kemirembe akamshika mkono, akauvuta mapajani mwake kama anavyofanyiwa mgonjwa. "Dada yangu, sikia. Umeona nyumba yangu inabomoka, umetafuta mzigo uubebe. Mungu akubariki. Lakini mzigo huu una mwenyewe."

"Naapa mbele za Mungu, Kemirembe—"

"Usiape!" Kemirembe akamziba mdomo kwa vidole vyenye vumbi la kahawa. "Usijitie dhambini kwa ajili ya ndoa yangu."

Evaresta alirudi nyumbani mbiombio kama anayefukuzwa. Hakuwa na jambo lingine la kufanya. Ukweli alikuwa ameusema wote, hadi tone la mwisho, ukapokelewa kama uongo wa huruma, na kila alivyozidi kulia ndivyo alivyozidi kuonekana mwenye roho nzuri. Jumapili iliyofuata akamsubiri Cassian njiani, akamweleza na yeye. Cassian akasikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye usukani wa pikipiki. Akasema, "Mwambie yeye." Aliposikia kwamba ameshaambiwa na hakuamini, akawasha pikipiki akaenda zake.

Sasa Evaresta anapika mara tatu kwa siku, siku za gulio mara nne. Vifurushi vimelegea, mkono unapita. Foleni imerefuka, watu wananung'unika kwamba huyu mama siku hizi amekuwa mzito, uzee umemwingia.

Mwezi uliopita, siku ya gulio, Kemirembe alikuja na jino jingine. Alifika mapema, wa tatu kwenye benchi. Alipoitwa, akamsogeza mbele mwanamke aliyembeba mtoto. Alipoitwa tena akamsogeza mzee. Kila aliyefika alipewa nafasi yake, na Kemirembe akazidi kusogea mwisho wa benchi, shavu limefungwa kitenge.

Evaresta akatoka kumfuata. "Kwa nini huingii?"

"Niwe wa mwisho," alisema Kemirembe kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Wenzangu wana damu safi. Nisije nikawaachia kitu kwenye vyombo vyenu."

"Huwezi kuwaachia kitu. Mvuke unaua kila kitu."

"Hata hivyo."

Saa tisa na nusu benchi lilikuwa tupu, amebaki yeye. Aliingia, akakaa kwenye kiti. Projest akavaa glovu, akanyoosha mkono bila kumtazama mtu. Evaresta akafungua kifurushi, akainama karibu na uso wa Kemirembe.

"Hizi zimetakasika," alimwambia. "Za leo nina hakika nazo. Umenisikia? Za leo."

Kemirembe akampapasa mkono, kama vile Evaresta ndiye aliyekuwa akiogopa koleo.

"Mimi koleo zako," alisema, "sijawahi kuzitilia shaka hata siku moja."

Kisha akafumba macho, akafungua kinywa.