Kifua Kisichouma Siku ya Sabato

Jumanne ya mwisho ya Agosti, mwaka jana, tulimpoteza baba mkwe wangu baada ya operesheni ya moyo. Nilimwita Tata, kama watoto wake walivyomwita.

Mume wangu hufanya kazi mbali, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka kliniki mjini Kisii. Kwetu Ikonge, mke wa mwana na baba mkwe hawashikani mkono wala hawazungumzii mambo ya mwili. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Kwenye benchi la kliniki tuliacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu.

Tulijua tayari kwamba vali inayopitisha damu kutoka kwenye moyo wake kwenda mwilini ilikuwa imekauka, na lazima ibadilishwe. Siku hiyo tulikuwa tumekuja kusikia majibu ya picha ya mishipa. Daktari, mtu wa upande wa ziwa, aligeuza kompyuta tuione.

"Mzee, mishipa inayolisha moyo wenyewe nayo imeziba. Mmoja sana, mwingine kiasi. Ukipanda mlima, kifua kinauma?"

Tata alinitazama kidogo, halafu akatazama dirisha. "Kifua ni kizuri."

"Kizuri kabisa?"

"Mungu ni mwema."

Nikaelewa kwamba nikibaki pale hatasema. Nikamwambia daktari naenda msalani, nikasimama nje. Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba, na sauti zilipita.

"Sasa ametoka," nilimsikia Tata. "Kinauma. Nikibeba majani ya chai kupeleka kituo cha kuuzia, kinabana kama mtu amekikalia. Lakini Sabato hakiumi hata kidogo. Ndiyo maana nikajua Mungu ananiponya polepole."

Sisi wote nyumbani tuliamini hivyo. Kanisa liko karibu na lango letu, na kila Jumamosi alirudi akiimba. Tulishukuru kwenye maombi.

"Sabato unabeba chai?" daktari aliuliza.

"Wewe kweli ni mtu wa samaki. Nani huchuma chai Sabato?"

"Basi hujapona, mzee. Ulikuwa umepumzika."

"Kumbe," Tata akasema.

Daktari aliponiita ndani alieleza polepole. Wakibadilisha vali peke yake, operesheni ni fupi, lakini moyo utabaki na mishipa iliyoziba. Wakiwa wamefungua kifua wanaweza pia kuchukua mshipa kutoka mguuni na kuitengenezea damu njia nyingine. Hiyo ni ndefu, na moyo wake umechoka.

"Anaweza asiamke. Nasema mbele yake, ili asije akasema nilimficha."

"Mishipa ikiachwa, nitabeba chai?" Tata aliuliza.

"Kidogo. Na maumivu yatakuwepo."

"Fanya yote."

Mume wangu, kwenye simu, aliuliza mimi naonaje. Nikamwambia baba yake ameshasema. Mpaka leo sijui kama njia fupi ingemwacha hai. Baada ya mazishi nilimuuliza daktari, akasema hata yeye hajui.

Asubuhi ya operesheni, katika hospitali ya mbali tulikotumwa, walimvalisha gauni la kijani lililofungwa nyuma ya shingo. Kamba ilikuwa imefunguka na bega lilikuwa wazi, kwa hiyo niligeukia ukuta. Nesi alikuwa anatafuta faili.

"Mokamwana," Tata akaniita kwa Ekegusii, jina la mke wa mwana. "Geuka. Nasikia baridi. Nifunge hii."

Nilidhani anamwambia mtu mwingine. Chumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kwetu.

Nikaenda. Akainamisha kichwa. Vidole vyangu viligusa shingo yake, na ngozi ilikuwa baridi kweli. Nikafunga fundo moja.

"Umekaza," akasema.

Nikalilegeza. Nesi akaja, akasukuma kitanda.