Nzohe wa Kinamasi cha Soy

Mwaka wa 1972, siku tatu kabla ya wanahisa walionunua shamba la mzungu karibu na Soy kugawiwa ekari zao, mwenyekiti wao, Murunga, alitoa amri ya kipumbavu: mtu yeyote asimtajie mgeni nzohe. Mgeni huyo alitumwa na shirika la ng'ambo lililojitwika kazi ya kuamua ni wanyama gani wa dunia waokolewe kwanza. Murunga aliogopa kwamba nzohe, yule swala wa majini aliyejificha katika kinamasi chao, akiandikwa tu, serikali ingewanyang'anya shamba lote.

"Tukiulizwa, kuna panya na mafuko," alisema. "Mzee Kipyego, unasikia? Mdomo wako ndio naogopa."

Kipyego alikuwa amechunga ng'ombe wa mzungu pale miaka ishirini na miwili. Hisa yake ilikuwa ekari tano, na mali nyingine hakuwa nayo. Lakini uongo hakuuzoea, kanisani wala malishoni. Alipoulizwa, alimpeleka mgeni hadi kwenye matete, akamwonyesha alama za kwato ndefu zilizotanuka matopeni.

Mgeni alitoa karatasi yake ya orodha, akaitazama zaidi kuliko alivyolitazama tope.

"Hawa wako wengi Uganda. Hapa tunataka twiga."

"Lakini hapa wamebaki kumi na mmoja, bwana."

"Kwenye orodha namba yao iko chini sana, mzee."

Akarudi garini na viatu vyake safi. Mtu aliyewapanga viumbe wa Mungu foleni hakuwa na dakika kumi za kumngoja mmoja wao ajitokeze.

Murunga aliposikia, alicheka hadi akakohoa. "Kumbe hata wazungu hawawataki! Kesho tunachimba mfereji, tunakausha, tunakula nyama. Mzee, utaleta chumvi?"

Wenzake wakaangua kicheko, watu wazima waliotetemeka asubuhi nzima kwa sababu ya mnyama anayekula nyasi.

"Kinamasi ni ekari ngapi?" Kipyego aliuliza.

"Tano za matope."

"Andika jina langu hapo. Zangu za juu mgawane."

"Utapanda nini huko? Vyura?"

"Andika."

Murunga aliandika mbio, kabla mzee hajarudiwa na akili. Kipyego alikandamiza dole gumba lake lenye wino kwenye karatasi, kisha akawatazama kama mtu anayetazama kinyesi mlangoni pake.

"Mwenye hamu ya nyama aende kwa mchinjaji. Huko sasa ni kwangu, na nisione jembe la mtu."