Herufi Tano za Asefi

Huko kijijini Fon Sitwon, mtu akigombana na jirani hamtukani. Hutafuta mbwa. Humpa mbwa jina, kisha humwita asubuhi na jioni kwa sauti inayovuka ua: "Wivu-Hauna-Dawa, njoo ule! Mdomo-Wako-Mwenyewe, toka hapo!" Jirani husikia, huumia, na hana wa kumshtaki, maana aliyeitwa ni mbwa.

Asefi aliujua mchezo huo kuliko wote, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa kijembe kabla hajaota meno. Alizaliwa msichana wa tano. Baba yake, mzee Meriyis, alisimama mlangoni, hakuingia, akauliza ni nini, akajibiwa. "Mwiteni Asefi," akasema, akachukua jembe lake akaenda zake. Asefi, yaani mabinti wametosha. Kijembe kilimlenga mama aliyelala kitandani na damu bado haijakauka. Wengine walisema ni dua tu, Mungu anakumbushwa. Na kweli, baada ya miaka mitatu akaja Dyedone, aliyetolewa na Mungu, na kijiji kizima kikasema: mnaona? Jina limefanya kazi.

Dyedone alinunuliwa viatu akapelekwa shule. Asefi, alipofika miaka minane, alipelekwa mjini kwenye nyumba ya watu, kuteka maji, kusugua masufuria na kulala chini ya meza ya jikoni. Alipolia, baba yake alimwambia, "Jina lako unalijua." Miaka arobaini ilipita na hakuyasahau maneno hayo.

Kusoma hakusoma. Alipokuwa mtu mzima, wanawake wa chama cha kahawa walimfundisha kuandika jina lake, asiwe anachovya kidole kwenye wino. Alikariri kwa macho. A ni paa la nyumba. S ni nyoka. E ni kitana kilichobaki meno matatu. F ni kitana hicho hicho, jino la chini limeng'oka. I ni fimbo. Hayo ndiyo maandishi yote aliyoyajua duniani.

Sasa binti yake pekee, Mimoz, alikuwa amejifungua msichana wa tatu, na Asefi alikuwa amekuja kumkanda na kumwogesha kwa maji ya majani. Mume wa Mimoz, Wilno, alikuwa mtu mpole, na upole wake wote aliugawa kwa mama yake, Madan Sentelis, aliyekaa ng'ambo ya ua.

"Mama," Mimoz alisema siku ya kumi na mbili, "huyu nataka aitwe Byenvini."

Byenvini, yaani karibu. Asefi alilirudia jina hilo kimoyomoyo kama mtu anayeonja mchuzi. Wilno aliliandika kwenye kikaratasi mbele yao, akakitia mfuko wa shati. Kesho yake asubuhi akapita kwa mama yake kunywa kahawa, kisha yeye, mama yake na Asefi wakashuka mjini kumwandikisha mtoto, mabibi wawili wakiwa mashahidi.

Ofisi ya vizazi ilikuwa imejaa. Kwenye benchi la mlangoni alikaa Konpe Oranel, mzee aliyekuwa shahidi wa kila mtu asiye na shahidi, kwa malipo ya tone la ramu. Karani alipokea kikaratasi kwa Wilno, akanakili kwenye kitabu kikubwa bila kusoma kwa sauti, akakigeuza kitabu.

"Shahidi wa kwanza."

Madan Sentelis akaweka sahihi yenye mikia.

"Shahidi wa pili. Unajua kuandika, mama?"

"Jina langu najua."

"Ndilo tunalolitaka."

Asefi akainama na kalamu. Ndipo jicho lake likapanda juu ya ukurasa likakwama. Paa. Nyoka. Kitana. Kitana kibovu. Fimbo.

"Mbona umeshaniandika?" akauliza.

"Wapi?"

"Hapa juu."

Karani akacheka kidogo. "Hapo si wewe, mama. Hapo ni jina la mtoto."

Asefi aliinua kalamu kitabuni. Akamgeukia Wilno. Wilno alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Wilno. Karatasi tuliyoiona jana iko wapi?"

"Mkwe mwenzangu," Madan Sentelis akaingilia, sauti laini kama siagi, "usituaibishe mbele za watu. Nimekuheshimu. Nimempa mjukuu jina lako."

"Heshima hiyo kaivae mwenyewe!"

"Kwenu lilifanya kazi, usikatae. Ulikuja wewe, akaja Dyedone. Mimi nina mwana mmoja, naye ana mabinti watatu. Unataka jina la marehemu mume wangu lizikwe na mimi? Saini, twende nyumbani. Jua linapanda."

"Sisaini."

Karani akapiga meza kofi. "Sikilizeni. Kitabu hiki hakifutwi. Kisiposainiwa, napiga mstari ukurasa mzima, mnaanza upya. Na nyuma yenu kuna watu."

"Na sisi tuna watoto huku!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Kagombaneni kwenu!"

"Baada yangu hakuja Dyedone," Asefi akasema.

Madan Sentelis akakunja uso. "Unasema nini?"

"Kati yangu na Dyedone kulikuwa na mwingine. Msichana. Aliishi siku nne. Baba alikataa kumpa jina, akasema lake alishalisema. Mama akamzika peke yake nyuma ya mihogo, akaambiwa asimtaje, asiharibu sifa za jina. Alinieleza siku anakata roho. Basi jina lile halikufunga mlango wowote, Madan Sentelis. Mimi ndiye niliyelala chini ya meza ya watu."

Lakini Madan Sentelis aliogopa kubaki bila mjukuu wa kiume kuliko alivyoogopa maneno.

"Maneno ya marehemu hayana shahidi," akasema. "Ila kitabu kinaye. Konpe Oranel! Njoo utie sahihi, utakunywa kwangu mpaka Jumapili."

Mzee Oranel akainuka, akipangusa mikono kwenye suruali. Asefi akaikumbatia kalamu kifuani.

"Mama, kalamu hiyo ni ya serikali," karani akasema, na benchi zima likacheka.

Asefi hakucheka. Alimsogelea Wilno mpaka wakawa pua kwa pua.

"Mwite," akasema.

"Nani, mama?"

"Mwanao. Tuseme ana miaka minne, anacheza matopeni, chakula kinapoa. Mwite nisikie. Usiniitie jina tupu, kila mtu amelizoea. Mwite kwa maana yake."

"Mama, tafadhali…"

"Dada zake, Wozlin na Nadej, wameshakaa, vijiko viko mkononi. Wanakusikia. Wao ndio waliotosha, sivyo? Haya, mwite, nao wasikie vizuri."

Wilno akamtazama mama yake, naye akamkazia macho. Yule mwanamke wa nyuma alikuwa ameweka mkono juu ya kichwa cha binti yake.

"Mabinti…" Wilno akaanza, na sauti ikamkatikia hapo.

Konpe Oranel alikuwa ameshafika mezani. Aliitazama mikono yake, akaificha mgongoni.

"Karani," akasema, "leo mikono yangu inatetemeka. Siwezi kuandika." Akarudi kukaa.

"Mlevi wewe!" Madan Sentelis akafoka. "Kila siku haitetemeki, leo ndiyo itetemeke?"

"Leo sijanywa, Madan. Ndiyo maana."

Wilno akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Piga mstari," akamwambia karani.

"Wilno!"

"Piga mstari, tafadhali. Binti yangu anaitwa Byenvini. Mama yake alishasema."

Karani akashusha pumzi, akapiga mstari, akafungua ukurasa mwingine. Madan Sentelis alikataa kusaini, na nafasi yake ikachukuliwa na Konpe Oranel, ambaye mikono yake ilikuwa imepona. Asefi akaandika polepole, paa, nyoka, kitana, kitana kibovu, fimbo, chini kabisa ya ukurasa. Juu palikuwa na neno refu asilolijua. Alimfanya karani amsomee mara tatu.



Wiki haikuisha. Asubuhi moja, Mimoz akimnyonyesha mtoto barazani, sauti ya Madan Sentelis ikavuka ua wa midungusi:

"Tutaona! Tutaona, njoo ule! We Tutaona!"

Mtoto wa mbwa, wa manjano, mbavu nje, akapenya chini ya ua akaja kusimama uwanjani kwao, akitikisa mkia.

"Mama," Mimoz akasema, machozi yakimlenga, "na sisi tutafute wetu?"

Asefi alimtazama yule mbwa. Kisha akatia mkono sufuriani, akatoa mfupa wenye nyama, nyama ya kweli, akamrushia.

"Mwache," akasema. "Naye hakujipa jina."